Mwaka Bibi Samruai Alipolia Kama Paka

Nimekaa jirani na Samruai miaka thelathini na moja, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Siku kibanda chake cha viwavi wa hariri kiliposhika moto, alikuja kwangu akabisha hodi, akangoja nifungue, ndipo akaniomba ndoo. Ndivyo alivyo. Mumewe alikufa mapema, watoto wapo Bangkok, naye anafuga viwavi na kufuma hariri, na daima ana paka wa kulinda trei za viwavi dhidi ya panya na mijusi.

Ukitaka azungumze, mguse kwenye paka. Hapo hata mimi nilikuwa nasomeshwa.

"Wee Lamduan, keki hiyo unampa ya nini? Ulimi wa paka haujui utamu. Anafuata mafuta tu."

Au nikimwona paka ananguruma kooni nikasema amefurahi, ananikata: "Huyo anaumwa. Paka hunguruma akiwa na raha, na hunguruma akiwa na maumivu. Mtazame jicho, ile ngozi nyeupe ya pembeni imetoka."

Paka wake wa mwisho aliitwa Mek, yaani wingu. Jike la kijivu, rangi ambayo kwetu Korat ndiyo ya mawingu ya mvua. Kwa hiyo mwaka wa ukame kijiji kilikuwa kikimjia yeye ili kuomba mvua. Anatiwa kwenye tenga la mianzi, linafungwa, wanaume wawili wanalibeba kwa mti, na kila nyumba inalimwagia maji huku watu wakiimba. Paka akilia, mbingu imesikia. Mek alikuwa amebebwa mara sita, na mara zote alilia vizuri mno.

Mwaka ninaousimulia Mek alikuwa na miaka kumi na sita. Miche ya mpunga ilikuwa imeanza kuwa njano kitaluni, na mashamba yamepasuka hata kisigino kinaingia. Mwenyekiti wetu, Prayun, alikuja na tenga begani, mimi nikiwa nimekaa pale kwa Samruai nachambua majani ya mforosadi ya kulisha viwavi.

"Bibi, tumekuja kumchukua bibi mwenzio," alisema. Kutoka ndani Mek akapiga ukelele mrefu. Prayun akacheka. "Umesikia? Sauti bado ipo!"

"Hiyo siyo sauti," Samruai alisema. "Amekuwa kiziwi. Analia hivyo kwa sababu hajisikii mwenyewe."

"Basi si ndiyo vizuri? Ngoma hazitamtisha."

"Prayun, figo zake zimechoka. Na paka wa aina hii hana manyoya ya ndani, maji yanafika kwenye ngozi mara moja. Mmwagieni ndoo themanini, mtanirudishia mzoga."

Prayun aliweka tenga chini. Si mtu mbaya, lakini nyumba themanini na mbili zilikuwa zinamtazama yeye. "Nikiwaambia watu tumekosa mpunga kwa sababu ya paka mzee, Bibi, nani atanunua hariri yako? Nani atakusalimia?"

Nakiri kwamba nilikuwa upande wake. Nami nilikuwa na miche kitaluni. Nilimwambia, "Dada, ni paka tu."

Mek alikuwa amechungulia mlangoni, kisha akarudi ndani. Samruai aliinama akapapasa zulia la mlangoni pale Mek alipokuwa amesimama, kisha akanionyesha kiganja. Kilikuwa na unyevu. "Paka hatoi jasho mwilini kama sisi, hulitoa nyayoni. Ameona tenga. Analikumbuka."

Kisha akamuuliza Prayun, "Mnachotaka ni paka au kilio?"

"Kilio, Bibi. Tenga lisilolia ni tenga tu."

"Paka mzima hamwiti mwenzake kwa mlio ule. Akiwa na wenzake hutumia mkia, masikio, harufu. Ule mlio amewatungia watu, maana sisi ni wazito wa kuelewa. Basi hata mtu anaweza kuutoa. Chukua tenga tupu. Mimi nitatembea nyuma yake."

Prayun alidhani ni mzaha. Mimi pia. Saa nane mchana, jua kali, Samruai alitoka amevaa nguo yake ya hariri ya sherehe, akasimama nyuma ya tenga lililotiwa kitambaa cha kijivu. Nyumba ya kwanza walilimwagia tenga maji, wakammwagia na yeye, kilio hakikutoka. Watu wakatazamana. Ndipo akafungua kinywa.

Watoto walicheka. Walevi walicheka zaidi, mmoja akapiga kelele, "Bibi, panya huyo hapo!" Akalia tena, nyumba baada ya nyumba, na kufikia ya ishirini hakuna aliyekuwa anacheka. Kilikuwa kilio cha mtu aliyenyamaza miaka mingi. Alipofika kwangu nilikuwa na ndoo mkononi. Nilimmwagia, maana ndiyo desturi, na niliona aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Mvua ilinyesha siku ya tisa. Prayun anasema ni Samruai aliyeileta. Wengine wanasema ingekuja tu. Mimi simo.

Lakini jioni ile ya kubeba tenga nilimsindikiza Samruai nyumbani, sauti imemkauka kabisa. Mek alikuwa mlangoni. Samruai akanyoosha mkono, paka akarudi nyuma, akavimba mkia na kumfokea. Maji ya nyumba themanini na mbili yalikuwa yameosha harufu yote ya Samruai, na kiziwi yule hangeweza kumtambua kwa sauti hata kama ingekuwepo. Nilimwona Samruai akikaa chini taratibu kwenye ngazi, machozi yanamtoka, mkono bado umenyooshwa.

Tulikaa muda mrefu. Mek akasogea, akanusa vidole, kiwiko, goti lililolowa. Kisha akaanza kusugua shavu lake kwenye kifundo cha mguu wa Samruai, upande huu na upande ule, kama wafanyavyo paka kwa kitu kilicho chao, akimrudishia harufu kidogo kidogo.