Banzi la Upepo la Bwana Pyo

"Mama Sun-gil, hicho kifaa si chako, usikitoe upepo." Pyo Deok-su ananifokea hivyo huku amelala chali sakafuni kwangu, mfupa umevunjika chini ya goti, midomo imempauka. "Halafu huku mlangoni umenileta kwa nini? Mimi ni wa kulazwa penye viatu?"

Nikamwambia, shemeji, ugomvi wa heshima tutauendeleza baadaye, kwanza nione kama vidole vyako vya mguu vingali hai.

Pyo ni fundi saa wa mji wetu huu mdogo chini ya mlima, na siku za mapumziko ndiye mkuu wa kikundi cha kuokoa wapanda mlima. Walimchagua kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa na filimbi. Mwaka ule kikundi kililetewa banzi la kisasa la kushikilia mguu uliovunjika: mfuko wa plastiki angavu, una zipu na mrija wa kupulizia kwa mdomo. Pyo alikuja kulionyesha kwenye uwanja wa nyumba yangu ya wageni, na mguu wa mfano ukawa wangu. Akapuliza mpaka mashavu yakamtuna, akatufundisha kulibonyeza kwa kidole gumba, kwamba lazima libonyee kidogo, na kutazama vidole vya mgonjwa kama vimebadilika rangi au vimekufa ganzi. Mbao na vitambaa vya wazee wetu akavicheka sana. Alikuwa na kitabu chenye picha, na katika kila picha mgonjwa yuko juu ya kitanda.

Sisi hatulali vitandani.

Mwezi wa kumi na moja, theluji ya kwanza ilipoanguka, Pyo alipanda mlimani kupachika kibao cha kuwaonya watu wasiteleze kwenye barafu. Akateleza. Gu Bong-man, kinyozi, alikuwa naye pamoja na wenzao, wakamvalisha lile banzi palepale kwenye theluji na kulijaza upepo sawasawa. Pyo mwenyewe alilibonyeza kwa kidole gumba akawasifu. Wakamteremsha kwangu kusubiri gari la hospitali, ambalo kwa barabara ile lilikuwa linakuja kwa mwendo wa bibi harusi.

Mimi nikafanya ambalo kila mwenye adabu angefanya. Nilimlaza upande wa jikoni, pale sakafu inapochemka kwa moto unaopita chini yake, mahali pa wazee na wagonjwa. Nikaongeza kuni. Nikamfunika mablanketi mawili mazito mpaka unyayoni.

Kwanza alitoa jasho. Baadaye akalalamikia chai. Halafu akanyamaza, na Pyo akinyamaza ujue kuna jambo. Nikamuuliza kama anaumia, akasema haumii hata kidogo, mguu umeshakufa ganzi, na hiyo ndiyo kazi ya kifaa cha kisasa.

Nikafunua blanketi. Banzi lilikuwa gumu kama ngoma, na vidole vina rangi ya bilinganya. Gu akaapa hakuna aliyeongeza hata pumzi moja. Nikaigusa ile plastiki, ikawa kama mfuniko wa sufuria ya wali. Upepo walioupuliza kwenye baridi ya mlimani, mimi nilikuwa nimeupika, nao ukatuna humo ndani na kumkaba. Ndipo tukamvuta na godoro lake mpaka mlangoni kwenye ubaridi, nikafungua kizibo cha mrija, naye akaanza hiyo kelele ya viatu.

Gu aliushika mguu usicheze. Nikauachia upepo kidogo kidogo mpaka banzi likabonyea tena kwa kidole gumba. Nikamwambia achezeshe vidole. Havikucheza.

Hapo sauti ikamshuka. "Shemeji, mguu huu utabaki?"

Nikasema sijui, kwa sababu sikujua. Tukavitazama vile vidole kama watu wanaosubiri maji yachemke. Rangi ikaanza kurudi polepole, kidole kikubwa kikatikisika, na maumivu nayo yakarudi yote kwa pamoja. Pyo akalalamika kuanzia kwangu hadi kwa serikali. Sijapata kufurahia malalamiko ya mwanamume namna ile.

Hospitali daktari alisema tungechelewa zaidi angeupoteza mguu. Akauliza ni nani aliyemlaza mgonjwa motoni. Watu wote wakanitazama.

"Niliomba mwenyewe," Pyo akasema. "Nilikuwa nasikia baridi."

Siku hizi anafundisha kwamba mgonjwa mwenye banzi la upepo hukaa mbali na moto, na hukaguliwa upya kila anapohamishwa kutoka baridini. Anasema ni uvumbuzi wake. Nimemwachia.

Sikumwachia kabichi. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimewasaidia kwake kutia kabichi chumvi na pilipili za msimu wa baridi, kazi ya kutwa, na kwetu kazi hulipwa kwa kazi. Kila nikimkumbusha, saa za watu zilikuwa zimemzidi. Mwisho wa mwezi uleule alikuja na magongo, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu wa plasta kaunyoosha mbele kama mzinga, akapaka pilipili kabichi moja baada ya nyingine mpaka jioni, akilalamikia macho.

"Tumelingana?" akauliza.

"Tumelingana, shemeji. Nenda kanawe."