Kumuuguza Panya wa Malolo

Mimi ni mtu wa kula panya. Naanza na hilo ili ujue mapema mgonjwa alikabidhiwa kwa nani. Kwetu Malolo, upande wa Ruangwa, majani yakishaungua na mashamba yakabaki meusi, watu hutoka na majembe kuchimba mashimo, na jioni mtaa mzima unanukia. Nimekua hivyo. Nikiwa bweni sekondari nililetewa panya wa kukaushwa, nikawala chini ya shuka ili nisiwagawie wenzangu. Kisha shule hiyohiyo ikatufundisha kumpasua panya mezani kwenye somo la Biolojia. Kwa hiyo kumla nilijua, na ini lake lilipo nilijua. Kumponya hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni jambo linalofanyika.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga Nachingwea mjini, mume wangu akiwa mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka kaskazini. Nilikuwa na binti wa miaka sita, mwingine mgongoni, na hasira. Hasira haikuwa na sababu moja. Maji yalikuwa mbali, mtoto wa mgongoni hakulala, na mume alikuwa mpole. Mtu mpole akikuudhi, huna pa kumshika.

Tulikwenda Malolo kumsaidia mama yangu kupura ufuta. Siku moja vijana waliokuwa wakichimba walitoa panya mdogo wa rangi ya mchanga, tumbo jeupe, miguu ya nyuma mirefu kama ya sungura, mkia una manyoya hadi nchani. Nyama yake isingejaza hata shavu moja. Binti yangu akamkumbatia.

"Huyu haliwi," alisema. "Huyu wangu."

Mama yangu alicheka hadi akakaa chini. "Mwanangu, umezaa mzungu."

Nilikataa. Mtoto akalala chali katikati ya njia ya kwendea stendi, na basi linapiga honi. Tukasafiri na panya ndani ya kopo la maziwa ya unga nililolitoboa matundu kwa msumari.

Jirani yetu pale Nachingwea alikuwa mama mmoja wa Kiislamu mwenye mikorosho yake Chiola, na mdomo usio na kizibo. Alitukuta tunashusha mizigo.

"Mama Mwalimu, siku hizi kitoweo kinapanda basi? Kwetu haramu, lakini nitakuja kunusa."

Nikataka kumwonyesha kwamba huyu si kitoweo, ni wa kufugwa. Nikamtoa koponi pale uani. Watoto wa mtaa wakajaa, wakapiga kelele, kila mmoja akitaka kugusa. Panya akakakamaa. Masikio yakalala nyuma, mwili ukaanza kutetemeka, macho yakatoka.

"Degedege hiyo," jirani akasema.

Binti yangu aliwahi kupata degedege akiwa mchanga, na neno lile likiingia sikioni mwangu, akili inatoka. Leo najua kwamba panya wa namna ile akishtuliwa na makelele na mahali pageni hupatwa na hali ile, na dawa yake ni kumweka mahali pa kimya akatulia mwenyewe. Siku ile nilimnyakua nimkimbize kivulini. Nilimshika mkia, kama nilivyowashika wote tangu utotoni. Wale wote walikuwa wameshakufa, hawakuwa na la kusema. Huyu akajipinda, na ngozi ya mkia ikavuka kama soksi, ikabaki vidoleni mwangu na manyoya yake, yeye akaanguka na kifupa chekundu nyuma.

Binti yangu alitazama vidole vyangu.

"Umemvua," alisema.

Kuanzia hapo hakunisemesha tena. Alizungumza na baba yake, alizungumza na panya, na akiwa na shida na mimi alimtuma mtoto wa mgongoni ambaye hata kuketi hajaweza. "Mwambie mama nataka uji." Nikaelewa hali yangu. Panya akipona, huenda nikasamehewa. Akifa, nimekwisha.

Nikaanza utabibu. Mkia niliupaka ile dawa ya zambarau ya zahanati, asubuhi na jioni. Mume wangu alichungulia akasema, "Huyu ameshapiga kura." Ule mfupa ukakauka, ukakatika wenyewe, kidonda kikafunga. Nilijisifu sana, ingawa naamini ungekatika hivyohivyo hata kama nisingepaka kitu.

Kumbe pua nayo. Tulikuwa tumemweka kwenye sanduku lenye wavu wa kuku mbele, na alikuwa akiuguguna wavu huo mchana kutwa. Pua ikanyonyoka manyoya, ikawa nyekundu, na pembeni yake ukaganda ute kama damu. Mimi, msomi, nikaamua ni upele. Na upele kwetu huku una dawa moja: salfa, ile ile ya unga wa njano tunayopulizia mikorosho ikichanua. Salfa imepakwa kuku wenye utitiri, mbwa wenye ukurutu, na mimi mwenyewe kichwani nikiwa mdogo, nikanuka muhula mzima. Nikaichanganya na mafuta ya ufuta, nikampaka usoni vizuri, na ili apate nguvu nikamjazia mchicha mbichi.

Sikufikiri kwamba ana ulimi.

Alijilamba. Kufika alasiri amejikunyata kama mpira, manyoya yamesimama, huku nyuma amelowa anaharisha. Binti yangu alikaa mbele ya sanduku hakuondoka. Hakulia. Angelia ningepata pa kuanzia.

Nikajitwika sanduku hadi kwa bwana mifugo, mtoto mgongoni. Alikuwa anakunywa chai. Alichungulia, akanitazama, akachungulia tena.

"Mama, mimi natibu ng'ombe. Huyu dawa yake ni chumvi na pilipili."

Wenzake wakaangua kicheko. Nikamwambia kwamba ng'ombe wa watu wana bahati mbaya, nikajitwika mgonjwa wangu, nikaondoka. Njia nzima nilikuwa narudia maneno yake ili nipate jibu kali zaidi. Chumvi na pilipili. Chumvi. Nilipofika karibu na nyumbani nikasimama. Chumvi na sukari. Mama gani aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki asiyejua mtoto anayeharisha anapewa nini? Nilikuwa nalijua hilo kama jina langu, na nimezunguka mji na sanduku kichwani kutafuta atakayeniambia.

Nilichemsha maji, nikayapoza, nikatia sukari na chumvi kidogo, nikayadondosha mdomoni mwake kwa ncha ya unyoya wa kuku. Salfa niliifuta kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Mchicha nikautupa, nikamwekea mtama mkavu. Sanduku la wavu nikalitoa. Nikachukua chungu kirefu kilichovunjika mdomo, nikakijaza nusu mchanga mkavu na nyasi kavu, nikamtilia vijiti vya kuguguna.

Binti yangu alisimama mlangoni. "Mwambie mama," alimwambia mdogo wake, "matone ni makubwa, atapaliwa."

Nikapunguza matone.

Akaacha kuharisha. Akaanza kuchimba, akawa anajigaragaza mchangani hadi manyoya yakang'aa, na kwa kuwa hapakuwa na wavu wa kuguguna, pua ikapona bila kupakwa kitu na mtu yeyote. Hilo linaniudhi hadi leo. Mkia mimi, salfa mimi, mchicha mimi. Asingeugua hata nusu ya vile kama daktari angekuwa safarini. Na mtoto bado alikuwa hanisemeshi.

Ndipo mama yangu akaja kutoka Malolo, na furushi. Alilifungua jikoni: panya wa kukaushwa, wamepangwa kwenye vijiti, wekundu wa moshi.

"Najua hapa mnakula dagaa tu," alisema.

Nilikuwa na unyoya wa kuku mkononi. Nilijitahidi, Mungu anajua. Nikangoja hadi binti yangu akatoka kucheza, nikachuchumaa kando ya jiko, nikamgeuzia mgonjwa mgongo kwa adabu, nikaanza kula. Nilipoinua macho, mtoto alikuwa mlangoni. Alitazama mkono wangu, akatazama chungu.

"Huyo ni ndugu yake?"

Aliniuliza mimi. Mdomo wangu ulikuwa umejaa.

"Hapana," nikasema. "Ndugu zake huyu ni wa bonde lingine."

"Usimdanganye mtoto," mama yangu akasema kutoka mkekani. "Ni mjomba wake kabisa."

Binti yangu akafikiri. Akaja akachuchumaa ubavuni mwangu.

"Nipe paja."

Nikampa. Alitafuna na mifupa yake, akafuta vidole kwenye khanga yangu, akachukua karanga akaidondosha chunguni. Panya akaibuka mchangani na kipisi chake cha mkia, akaikamata kwa mikono miwili.

"Ukimtoa," aliniambia, "weka viganja chini yake hivi. Mkia usiushike."

"Mkia upi?" nikauliza.

Akanitazama kama mtu anayefikiria kuninyamazia upya, halafu akacheka, nyama ikiwa bado mdomoni.