Kodi ya Dirisha

Niliolewa kwetu Rabai wakati vita vikuu vya pili vikielekea ukingoni, na nguo za harusi hazijakauka kambani nikachukuliwa na mume wangu hadi Changamwe, alikokuwa kuli katika ghala la pamba. Njiani alinisifia chumba chake. Kiko karibu na kazi, alisema, kina majirani wema, na mwenye nyumba ni mama mcha Mungu asiyekosa sala. Yote yalikuwa kweli. Alichosahau kunieleza ni kwamba majirani wema walikuwa mle mle chumbani.

Walikuwa mtu na mkewe kutoka bara. Kati yao na sisi palikuwa na pazia la magunia yaliyoshonwa pamoja, nami nikajifunza upesi uungwana wa pazia la gunia: linayapumzisha macho na kuyaachia masikio kazi yote. Usiku nilimsikia mwenzangu wa upande wa pili akiota, naye alinisikia nikimnung'unikia mume wangu. Asubuhi tulisalimiana kwa adabu kubwa, kama watu waliolala miji miwili tofauti. Chumba hakikuwa na dirisha. Mume wangu alisema ni afadhali, mbu hawana pa kuingilia. Mbu walipita mlangoni kama wageni wengine.

Mwenye nyumba tulimwita Bibi. Alikuwa mjane, na nyumba yake ya udongo na makuti ilisimama juu ya ardhi isiyo yake. Alimlipa kodi mwenye shamba. Mwenye shamba alipopandisha, Bibi alipandisha. Asipopandisha, Bibi alipandisha vilevile, asije akashtukizwa baadaye. Alikuja mwenyewe na kigoda chake, akaketi, akatuuliza hali zetu na za wazazi wetu, hata za mbuzi wa Rabai, kisha akasema kwa upole:

"Wanangu, mwezi ujao itabidi muongeze kidogo. Wallahi si mimi. Ni dunia."

Dunia ilikuwa na tamaa sana miaka ile. Mshahara wa mume wangu haukuwa na habari nayo. Ulikaa palepale kama mtu mwenye subira. Na kuhama ungehamia wapi? Watu walishuka kutoka bara kila siku kufuata kazi za bandari na reli, na chumba kilichoachwa asubuhi kilikuwa na wenyewe kabla ya adhuhuri.

Siku moja nilimpelekea mume wangu chakula kazini, nikaliona lile ghala. Robota za pamba zilikuwa zimelala juu ya sakafu ya saruji, paa liko juu, hewa inapita, askari amesimama mlangoni zisisumbuliwe.

"Nani alizijengea?" nikamuuliza.

"Serikali."

"Nazo zamlipa nani kodi?"

Hakucheka. Alikuwa na njaa.

Baadaye manung'uniko ya wafanyakazi yalipozidi, serikali ilimtuma bwana afya aje kuona tunavyolala. Alikuja Mzungu mwenye kaptura iliyopigwa pasi, pamoja na mkalimani wake. Bibi alikuwa amepata habari mapema. Akafagia ukumbi, akalitoa pazia, akatuomba sisi wanawake tuseme kwamba chumba ni cha mtu na mkewe tu.

Bwana afya alichungulia ndani, akauliza wanalala wangapi.

"Wawili, bwana," Bibi akatangulia.

"Wanne," nikasema mimi.

Mwenzangu wa bara akashika tumbo lake. "Karibu watano," akasema.

Bibi akatazama makuti. Bwana afya akapima ukuta, akaguna, akaamuru kila chumba kitobolewe dirisha. Mimi nikamwambia mkalimani, "Mwambie bwana, dirisha ni jema. Lakini serikali iweke na sheria, kodi isipande kila mtu anapojisikia. Tena ijenge nyumba za watu, kama ilivyoijengea pamba."

Mkalimani alinitazama kidogo, akageuka, akasema neno moja au mawili ya Kiingereza. Bwana afya akatabasamu, akanishukuru. Hadi leo sijui nilisema nini.

Bibi alitii. Fundi alikuja akatoboa ukuta, mwanga ukaingia, na kwa mara ya kwanza tukaona jinsi chumba kilivyokuwa kichafu. Mwezi uliofuata Bibi akaja na kigoda chake.

"Wanangu, sasa mna dirisha."

"Twaliona, Bibi," mume wangu akasema. "Lakini hatukuliomba sisi."

"Basi msilitazame," Bibi akamjibu taratibu. "Ila hewa yake mwaivuta."

Wenzetu wa bara hawakuiweza kodi ya dirisha. Waliondoka kwenda kutafuta kibanda upande wa Miritini, mume na godoro kichwani, mke na mimba yake na sufuria. Nililia siku ile. Hata hivyo sikuweza kumchukia Bibi. Nyumba ile ndiyo iliyomlisha. Chumba kikiwa kimoja na wanaokitaka ni mia, hata malaika angepandisha kodi. Aliyeweza kuyabadili hayo alikuwa yule mwenye saruji ya ghala la pamba peke yake.

Na mwenye saruji alisikia. Nyumba za mawe zikajengwa kwa ajili ya wafanyakazi, na jina la mume wangu likatoka. Tulikwenda pamoja, mimi nimebeba vyombo. Karani akamwonyesha kitanda.

"Na chumba?" mume wangu akauliza.

"Ni hicho kitanda. Hapa ni pa wanaume wasio na wake."

"Mimi nina mke. Ndiye huyu."

Karani akanitazama kwa heshima zote. "Hapa hana mke," akasema.

Basi nikarudi Rabai na vyombo vyangu, mke wa mtu asiye na mke. Jumapili baada ya ibada nilikwenda kumwona, tukaketi nje kwenye majani kama wachumba, askari akituchunga tusije tukaoana. Serikali ilikuwa imemhesabu mume wangu kwa mgongo wake wa kubebea robota, ikaujengea huo mgongo mahali pa kulala.

Kelele za wafanyakazi hazikukoma, na miaka ile ya arobaini ilipokuwa ikiisha, zikajengwa nyumba nyingine, safari hii za watu na jamaa zao. Tukapata chumba kimoja na jiko la nje, kodi imepangwa na serikali. Ndipo nilipomzalia mume wangu mtoto wa kwanza, bila jirani kuhesabu vilio vyangu.

Lakini mume wangu alikosa raha. Kila mwisho wa mwezi alisubiri mtu aje kutuambia habari za dunia, na hakuja mtu. Mwishowe akashindwa kuvumilia, akaenda ofisini.

"Bwana," akamuuliza karani, "kodi yetu mbona haijapanda?"

"Wataka ipande?"

Mume wangu alishika njia ya nyumbani bila hata kuaga. Aliponisimulia alikuwa bado anahema, na alinikataza nisimwambie mtu kwamba ameuliza.