Nilimuambia Dada Yangu Atoe Kijiti, na Changu Kilikuwa mu Mukono

Kosa ni langu. Naanza na hapo, juu mukisoma mutataka kutupa yote ku Maman Prezida, mukubwa wa kundi letu, na kusema kweli anastahili. Lakini mudomo uliotoa yale maneno ulikuwa wangu. Hakuna mutu aliyenikaba shingo.

Jina langu sitasema. Niko mama wa watoto watatu, nafundisha Kifaransa ku masomo moja, shule ya hapa Bukavu, na kwa miaka ine nilikuwa sekretere wa kundi moja la bamama wa Kikristo. Jina la kundi pia sitasema. Wenyewe watajitambua, kama haya imebaki.

Kazi yetu ilikuwa kutetea familia. Njo tulivyokuwa tunasema. Kila mwezi tulikutana mu salle ya nyuma ya kanisa, wote na kikwembe cha sare, na tunaandika misimamo. Tuliandika kama ile sheria inayomuacha bibi afanye kazi bila ruhusa ya bwana yake ifutwe. Tuliandika kama binti aliyebeba mimba asirudie masomo, juu ataambukiza wengine. Kama vile mimba ni surua! Tuliandika kama mwanamuke asitafute kiti cha siasa. Na Maman Prezida, aliyetia sahihi ya kwanza, ule mwaka wote alikuwa Kinshasa zaidi kuliko nyumbani kwake. Anatafuta nini? Kiti! Bwana yake tulikuwa tunamuona peke yake mu misa, shati haijapigwa pasi.

Ile wiki watu walikuwa wanakimbia vita kutoka Minova, wanafika na magodoro ku kichwa, wanalala mu madarasa, unajua sisi tulikuwa mu nini? Reunion ya kukataza wasichana kuvaa suruali. Saa tatu nzima! Na mimi nilikaa pale naandika yote, na point na virgule, nukta na koma.

Lakini msimamo uliowachoma watu moyo zaidi ni ule wa kupanga uzazi. Maman Prezida alisema bazungu wanataka kumaliza Wakongo ndani ya tumbo. Basi wanamuke waache vidonge, waache sindano, waache kijiti, kile kidogo wanachotia chini ya ngozi ya mukono ili mimba isiingie miaka mingi. Aliandika karatasi kwa Kifaransa. Mi nikaitafsiri kwa Kiswahili, na kwa Mashi pia, juu mama yangu alinifundisha Mashi safi.

Na hapa njo unitemee mate: wakati natafsiri, kijiti kilikuwa ndani ya mukono wangu wa kushoto.

Nilikitia kisha kuzala wa tatu. Bwana yangu njo alinipeleka. "Watatu inafika," alisema. "Tusomeshe hawa vizuri." Tuliongea dakika kumi, tukaelewana, nikaenda, nikarudi, nikakaanga samaki wa sambaza. Haikuwa shida ya bazungu wala ya Shetani. Ilikuwa mambo ya nyumba yetu.

Utaniuliza: sasa ulikuwa unatafuta nini mule? Utukufu! Kiti cha mbele. Kuitwa Maman Sekretere. Ku masomo niko mwalimu tu, vumbi ya chaki ku kikwembe. Mule ndani hata bibi za wakubwa walikuwa wananisalimia na mikono miwili. Mutu mwenye kiu ya heshima anakunywa hata mayi ya mufereji, na anasema ni tamu.

Basi siku moja tukapeleka karatasi yetu Mudaka, kule inje ya mji.

Mudaka kuna dada yangu. Nitamuita Nsimire. Ni mutoto wa mama mukubwa, lakini kwangu hakuna tofauti, juu yeye njo alinilea wakati mama alikuwa anashinda ku shamba. Alikuwa na watoto saba. Wawili wa mwisho walimupasua tumbo kuwatoa, na kisha ule wa saba munganga wa hospitali alimuambia wazi, mbele ya bwana yake: kizazi kimechoka, mimba ingine inaweza kukuua. Akatiwa kijiti. Nilijua hiyo yote! Nilikuwa pale pale ku kitanda, nashika thermos ya uji.

Salle ya parokia ilijaa. Nilisema vizuri, siwadanganye. Wanamuke walicheka, wakalia, wakacheka tena. Maman Prezida alikuwa amekaa nyuma yangu ku kiti kikubwa cha padiri. Kisha nikauliza kama kuna mwenye ulizo.

Nsimire akasimama, mutoto ku mugongo. Hakuwa na haya hata kidogo, juu ni mudogo wake alikuwa anaongea.

"Mudogo yangu," akasema, "mi niko nayo, ile kijiti. Unajua vile munganga alisema. Na mimi pia niitoshe, niitoe mu mukono?"

Nyuma yangu nikasikia Maman Prezida anasogeza kiti. Alisogeza kiti tu.

Ningesema: "Hapana dada, wewe baki nayo." Ni maneno matano! Mutoto wa darasa la kwanza anaweza kuyasema.

Nikasema: "Dada, munganga mukubwa ni Mungu. Itoshe."

Makofi! Vigelegele! Maman Prezida akainuka, akamukumbatia, akamugeuza kwa watu kama mbuzi wa zawadi. Nsimire hakuwa anamuangalia yeye. Alikuwa ananiangalia mimi, na alikuwa anatabasamu.

Kisha akanifuata mpaka ku gari na kitunga cha maharagi mapya. Wengine walikuwa bado ndani wanakula. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye na ile maharagi. Nafasi ya namna gani ingine Mungu angenipa? Nilisema mu roho: nitamupigia simu kesho. Kesho nilikuwa na copies za kusahihisha. Kesho kutwa tulikuwa na reunion. Wiki ya pili alienda ku centre de santé, wakakitoa.

Mu rapport niliandika: "Mama mumoja wa Mudaka ametoa ushuhuda mukubwa." Nikapongezwa. Nikafurahi, mujinga mimi!

Mwaka haukuisha, mimba ikaingia. Aliniambia ku simu, sauti chini. "Mungu anajua, ao si vile?" aliniuliza. Nikajibu, "Anajua, dada," kisha nikadanganya kama crédit inaisha, nikakata.

Siku ile ilipofika niko mbele ya wanafunzi, saa ine ya asubuhi. Aliyepiga ni Papa Cirhuza, bwana ya Nsimire.

"Tuko huku Bukavu, ku hospitali," akasema. "Kizazi kimepasuka. Banatafuta damu. Kuya mbio."

Mbele ya kwenda hospitali nilipita kwa Maman Prezida. Alikuwa anajua wakubwa wa pale, na neno lake moja lingefungua mulango. Nikamukuta anakunywa chai. Nikamuelezea nimesimama, pumzi haifike.

"Nani? Ule wa Mudaka?" Akatia sukari. "Maman Sekretere, sisi tunatoaka msimamo. Hatuandikie mutu mumoja mumoja dawa yake. Kwani hakuwa na munganga?"

"Tulimuambia akitoe, maman. Mbele ya watu wote."

"Wewe njo ulimuambia." Akakoroga chai yake. "Tutamuombea. Na ile habari ya Mudaka, usiiweke mu rapport tunayotuma ku wakubwa wa Kinshasa."

Yo! Mutu iko anakufwa, yeye anawaza rapport! Nilitoka pale nikimudharau mpaka mate ikawa chungu. Lakini niwaambie kitu kimoja, na kinaniuma kusema: ile mwanamuke, mu maisha yake yote ya uongo, siku ile alisema ukweli mumoja. Mi njo nilimuambia.

Ku hospitali vyumba vilikuwa vimejaa. Infirmière, musichana tu, alinikalisha mu corridor ili anitoe damu. Papa Cirhuza alikuwa amesimama pembeni, kofia mu mikono. Yule musichana akavuta mukono wangu wa kushoto, akatafuta mahali pa kufunga mupira, akagusa.

"Maman, uko na kijiti hapa," akasema, kwa sauti ya kazi tu. "Nitafunga chini kidogo kisikuumize. Ulikitia lini?"

Nikajaribu kuvuta mukono.

"Maman? Miaka ngapi?"

"Ine," nikasema.

Papa Cirhuza si mutu wa kelele. Ni mulimaji, mutu wa kusema jambo na kuondoka. Aliangalia mukono wangu, akaangalia uso wangu. Nilimuona anahesabu mu kichwa.

"Basi ile siku mu salle," akasema pole pole, "ulikuwa nayo."

Hakungoja jibu. Alienda kukaa kule ku mwisho wa corridor, akanigeuzia mugongo. Nilitamani anipige! Damu yangu ikaendelea kushuka mu mufuko, na mi nikabaki pale kama mutu aliyevuliwa nguo mu soko.

Mutoto alikufwa. Alikuwa musichana. Nsimire walimutoa kizazi, na wiki nzima alikuwa hatambui mutu. Kisha akapona. Nasema akapona juu anatembea. Kushika jembe, hapana tena. Binti yake mukubwa, Furaha, aliacha masomo ili alime na kulea wadogo. Alikuwa wa pili mu darasa lake. Na sisi njo tulikuwa tunatetea familia!

Nilipoingia kumuona Nsimire ku hospitali, bwana yake alikuwa amekwisha kumuambia. Nikapiga magoti ku sakafu, nikalia, nikasema unisamehe, unisamehe. Hakunizuia. Aliacha nilie mpaka nikachoka mwenyewe.

"Sikulaumu juu uko nayo," akasema. Sauti ilikuwa inatoka kidogo kidogo. "Mimi pia nilikuwa nayo. Na kuogopa mbele ya bakubwa, mutu anaweza kuogopa. Lakini ku gari tulikuwa wawili. Ungeniambia tu ku sikio."

Nikashika ukingo wa kitanda nisimame.

"Sasa wende," akasema. "Usirudie mpaka nikuite."

Mpaka leo hajaniita. Natuma sabuni, natuma unga, natuma salamu na watu wa Mudaka. Unga anapokea, juu ya watoto. Salamu hairudi. Na bwana yangu, aliyenipeleka kutiwa kile kijiti, aliponisikia nimeeleza yote aliniuliza kitu kimoja tu: "Miaka ine ulikuwa unatoka hapa nyumbani kwenda kusema vile?" Hakuwa anajua. Alifikiri tunasali. Tangu siku ile ananiongelesha kama mwenzake wa kazi, si kama bibi yake.

Nilirudi mu kundi mara moja, ya mwisho. Nikasimama mu reunion, nikaanza kueleza, na jina la Mudaka nikalitaja. Sikufika hata mu katikati.

"Maman Sekretere amechoka," Maman Prezida akasema, na sauti ya asali. "Bamama, tumuombee."

Wakanizunguka! Wakaweka mikono ku kichwa changu, wakaanza wimbo, wakafukuza pepo. Pepo gani? Pepo ya kusema kweli? Nilikaa chini ya ile mikono yote na manukato, na kwa mara ya kwanza nikaona vile tuko: kundi la wanamuke wazima wanaoimba kwa nguvu ili wasisikie.

Kisha, ku kiwanja, wawili wa komite wakanivuta pembeni. Mumoja akaninong'oneza: "Nyamaza, ma chère. Na mi niko na changu. Huyu pia. Unataka bwana zetu bajue?"

Nikawaangalia. Wale wale waliopiga vigelegele Mudaka! Walikuwa ku kiti cha mbele! Nilitaka kuwatukana, lakini ningewatukana na mudomo gani? Nikaondoka bila kuaga.

Kundi linaendelea. Wamepata sekretere mwingine, kijana, anaandika vizuri. Nasikia mwezi unaokuja wanapeleka ile karatasi Kamituga, kwa bamama wa kule ku machimbo, barabara mubaya, munganga mbali. Hawakuibadilisha. Ni tafsiri yangu. Kila virgule ni yangu.

Njo maana naandika. Siwezi kusimama mbele ya gari yao, lakini naweza kuwaambia ninyi.

Bamama, mukimuona mwanamuke ametoka mu mji na viatu safi na mikro, anakuja kuwapangia tumbo, musimuogope. Mumuulize: "Na wewe, maman, ku nyumba yako munafanyaka nini?" Mumuulize mbele ya watu wote. Akianza kukohoa, akianza kuongea ya Mungu ili asiongee yake, mubebe watoto wenu, murudie nyumbani. Munganga aliyewaona anajua mwili wenu. Ule wa mikro hajui hata majina yenu.

Na mimi niliyekuwa najua jina, muone nilichofanya.