Siku Bibi Alipopewa Dele

Juzi tulitoka Maskati alfajiri, mwanangu akiendesha, tukaione ile oasisi ya utotoni mwangu. Mitende imebaki michache, mfereji umekauka, na yalipokuwa mahema ya Mabedui sasa pana hoteli ya mahema yenye viyoyozi. Nisikufiche, nililia palepale garini.

Mara ya kwanza ulikuwa msimu wa kuvuna tende. Mbedui aliyekuwa akimuuzia babu mbuzi wa Idi alitualika, tukaenda babu, bibi na mimi, kitoto cha kike. Mkewe, barakoa usoni na kicheko cha kushtua mbuzi, hakutuacha tunyanyue hata kikombe kitupu. Siku mbili nzima ilikuwa tende mbichi, samli, maziwa ya ngamia yangali na joto, na kahawa iliyonukia iliki. Bibi alichanua. Alikuwa amekuja kutoka Unguja mtu mzima, na sokoni Maskati walikicheka Kiarabu chake wakimwita Mzinjibari, ilhali babu zake walitoka hapahapa Omani. Alichotamani ni mahali pamoja tu ambapo hataulizwa katoka wapi.

Siku ya tatu wakaja majirani. Mwenyeji wetu, yule mke wa Mbedui, akamtia bibi dele la kahawa mkononi, akamwambia awamiminie. Bibi akamimina, kisha akaingia hemani akaanza kufunga kanga zake.

"Bibi, tunakwenda wapi?"

"Kwetu. Nnafukuzwa, mjukuu wangu, huoni? Nshapewa kazi."

Maana kwetu Unguja, mgeni akishapewa kazi ameambiwa aage.

Mwenyeji akamkuta na mzigo. Alipoelewa, hakucheka. Akaufungua kwa mikono yake, akasema kwa Kiarabu cha taratibu ili bibi afahamu: "Ukhti, hapa mgeni hashiki dele. Anayemimina ni mwenye nyumba."

Bibi akakaa chini, akalia hasa. Tukabaki mpaka tende zikaisha mitini, na tukawa tunarudi kila mwaka, hadi mwenyeji wetu alipofariki na wanawe wakahamia Sib. Bibi naye alimfuata kaburini.

Siku hizi Maskati naheshimika, nashukuru Mungu. Kila nyumba ninayoingia naambiwa, kaa mama, usijisumbue, na mtumishi huniletea kahawa. Nami hukaa. Hakuna ajuaye ninavyotamani mtu anitume jikoni.