Rangi ya Buluu Nusura Initoe Roho, Sasa Mume Wangu Hataki Nirudi Kupasuliwa

Admin, nisitiri jina langu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane, naishi Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, na mume wangu na watoto wetu. Mume anauza vitenge hapa mpakani.

Nilikutwa na saratani ya titi, tukatumwa hospitali Kampala. Daktari alinieleza kwamba siku ya upasuaji, nikishalala kwa dawa ya usingizi, atanidunga rangi ya buluu kwenye titi, imwonyeshe tezi za kwapani ambako ugonjwa huanza kukimbilia. Nikakubali. Nani angeogopa rangi?

Niliamka kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, bomba kooni, uso umevimba hata macho hayafunguki vizuri, mwili una mabaka ya buluu. Walipotoa bomba daktari akaniambia, "Mama, mwili wako ulikataa ile rangi. Presha ilianguka, tukaacha upasuaji ili tuokoe maisha yako. Pole sana. Uvimbe bado uko."

Nililia, ndugu zangu. Nimekufa nusu, na kilichonipeleka hakijatolewa!

Daktari anasema nirudi, watanipasua bila rangi hiyo. Mume hataki kusikia. Yeye ndiye aliyekuwa mlangoni walipomwambia ajiandae kwa lolote. "Mama Zaina, mimi niliona wewe unakufa," ananiambia. "Mungu alishatukataza. Ukienda, usiseme ni mimi nilikuruhusu." Si mtu mbaya. Nilimkuta jikoni anakoroga uji wangu huku machozi yanamtoka. Wifi yangu ananiletea mizizi ya kuchemsha, nami nakunywa ili nyumba iwe na amani.

Lakini uvimbe unakua. Juzi nilishindwa kuinua mkono kuanika nguo. Nikampigia kaka yangu, ni askari, anakaa kambini Kasese. Hakunibembeleza. "Dada, jiandae, Jumatatu nakuja na gari. Hiyo kitu haiwezi kungoja bwana yako amalize woga."

Mume hajui. Kila akiniita nashtuka. Nikienda kwa siri, huenda nikirudi nisiwe na ndoa. Nikibaki, watoto wangu watalelewa na nani? Na mimi mwenyewe naogopa, jamani, nikifumba macho naliona lile bomba.

Ninyi mliopita kwenye kisu, na ninyi wanaume mnaosoma hapa, semeni nami kabla ya Jumatatu. Nimwambie mume wangu nini ili anisindikize?