Dobi Aliyekosea Jina la Waifai

Jumamosi, saa tisa na nusu alasiri, dobi mmoja anazima pasi, shati likiwa limenyooshwa nusu. Anaichukua mashine ndogo ya gemu, inayoenea viganjani, na kukikodolea macho kioo chake.

Mjukuu wake wa kike, mwenye miaka tisa, anaishi mbali. Kila Jumamosi saa kumi hukutana humo kushindanisha magari, huku wakiandikiana. Kwenye simu mtoto husema "nzuri" na kunyamaza.

"Kwenye gemu ndiko ananitania na kunitegea vitendawili," anasema dobi. "Humu ndani wiki nzima naongea na pasi."

Jumamosi mbili zimepita bila kuonana. Ruta ya zamani, kisanduku kinachorusha waifai, iliungua, akaletewa nyingine. Kwa kuogopa mvuke, akaifungia kwenye kabati la bati. Mashine ya gemu ilipomwonyesha majina matano ya waifai, akachagua la juu, lenye vimistari vingi. Akaingiza neno la siri alilopewa mara saba. Likakataliwa mara zote saba.

Leo fundi simu amefuata mashati yake, na dobi anamweleza mkasa huo.

"Mama, hilo ni la jirani. Lina nguvu kwa kuwa yuko ukuta wa pili. Yako inaitwaje?"

"Itaitwaje? Si waifai?"

Fundi anaitoa ruta kabatini na kuigeuza. Chini imebandikwa karatasi yenye jina: herufi tatu, tarakimu nne. Dobi anaguna. Miaka ishirini na miwili anatambua nguo kwa alama anazoshona ndani ya kola, mashati hamsini kwa siku.

"Kumbe nayo ina kola," anasema, "nami nachungulia mifukoni."

Ruta inawekwa juu ya kabati, bati lisiizibe. Jina lile, ambalo halikuonekana kabisa, linajitokeza. Anaingiza neno la siri herufi kwa herufi. Linakubaliwa. Gari la mjukuu lipo kwenye mstari wa kuanzia, peke yake.

"Bibi," anaandika mtoto, "nilidhani umekufa."

Dobi anaandika kwamba alipotea njia tu. Mtoto anamtegea kitendawili: kimejaa chumba kizima, hakizuii mtu kupita. Jibu dobi analijua, ni hiyo hiyo waifai, ila anajifanya kashindwa ili mtoto asiondoke upesi.

Saa kumi na nusu mtoto anaitwa na mama yake. Dobi anawasha pasi.

"Nimeomba aletwe likizo ijayo," anasema. "Tucheze tumekaa goti kwa goti, akinishinda nimsikie anavyocheka. Humu gari likishinda linapiga honi, basi."